Ufuta Uliokaushwa Mara Mbili

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, aipasuaye mbegu chini ya udongo pasipo jicho la mtu kuona, aijuaye ilivyo kabla haijapimwa na baada ya kupimwa. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa subira, ambayo mimi sikuzaliwa nayo. Nilipewa kidogo kidogo. Naiomba tena leo, kwa sababu ninayetaka kumweleza ni mtu ambaye kila nikimkumbuka natamani kusukutua mdomo.

Jina lake sitalitaja. Pale kituoni tulimwita Mtakwimu, naye aliitika. Kituo chenyewe ni cha majaribio ya mazao, pembeni ya mji wa Nachingwea, katika majengo ya tangu enzi za mradi wa karanga wa wakoloni. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu wa hesabu, jioni nafundisha madrasa, walipotafuta mtu mwenye utulivu wa kuingiza kwenye kompyuta namba zinazotoka mashambani. Nikaajiriwa. Mtakwimu ndiye aliyekuwa akizichambua namba hizo na kutoa majibu: mbegu ipi imezaa, ipi imeshindwa, ipi wakulima washauriwe. Tulikaa chumba kimoja kwa miaka mingi, meza yake dirishani, yangu mlangoni.

Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote angekwambia juu yake ni kinyaa. Alikuwa mtu wa kinyaa kuliko wote niliowahi kuishi nao. Mfukoni alikuwa na leso nyeupe iliyopigwa pasi, na ndani ya droo kichupa cha spiriti. Akikupa mkono, baada ya muda mfupi ungemwona anauficha chini ya meza, anaufuta. Chai ya kituo hakunywa, kwa sababu vikombe vilioshwa kwenye beseni moja. Ukigusa kompyuta yake baada ya kula korosho, angesimama kando akikutazama vidole mpaka umalize, kisha angepangusa kila kitufe, kimoja kimoja, kama anayemsafisha mtoto masikio.

Kwenye sinia la pamoja alikuja na kijiko chake. Siku moja tulikuwa Mkotokuyana, kwenye shamba la majaribio la Bi Somoe, mjane mkulima wa ufuta ambaye nitamweleza zaidi mbele. Alitupikia ugali na kisamvu. Mtakwimu akatoa kijiko kwenye mfuko wa plastiki, akakifungua taratibu. Bi Somoe akamtazama.

"Mtani," akasema, "hicho kijiko kina pasipoti?"

"Ni mazoea tu, Bi Somoe."

"Haya. Kikaribishe. Kiambie kwetu hapa hatutozi ushuru."

Tulicheka wote, na yeye alicheka. Sitaki kusema kwamba hakujua kucheka. Wala sitaki kusema alikuwa mtu mbaya katika kila jambo, maana huo ungekuwa uongo, na uongo juu yake ndio ungenifanya nifanane naye. Mke wangu alipolazwa, Mtakwimu ndiye aliyeniendesha kwa pikipiki yake kila asubuhi, akaketi nami kwenye korido ya hospitali, juu ya gazeti alilolitandika. Alipopata posho ya safari aliwanunulia walinzi sabuni. Adhana ilipolia aliacha hesabu katikati ya mstari. Na mimi, mzee niliyekuwa nimekwisha kujiona nimejifunza ya kutosha, alinifundisha R.

R ni lugha ya kompyuta ya watu wa takwimu. Unaandika amri, inakujibu kwa jedwali au mchoro. Alinifundisha kwa upole ambao walimu wengi hatuna. Nikikosea hakusema nimekosea, alisema, "Hebu muulize tena, Maalim, labda hakukuelewa." Alipenda kuniambia kwamba namba za mkulima ni kama mgeni nyumbani kwako: unamkaribisha, unamketisha, humpekui mifukoni. Niliyapenda maneno hayo. Niliyapeleka hata madrasa. Leo siyatumii tena.

R ina udhaifu mmoja: kazi ya kurudiarudia inaichosha. Majaribio yetu yalitaka namba za ploti, yaani vipande vya shamba la majaribio, zichanganywe na kuchanganywa tena, maelfu ya mara, ili ijulikane kama tofauti ya mbegu na mbegu ni ya kweli au ni bahati tu ya udongo. Ungeiwasha hesabu asubuhi, ukaenda ukaswali adhuhuri, ukarudi ukaikuta bado. Dawa yake watu wa kazi hii wanaijua. Sehemu ile nzito unaiandika kwa lugha ya C, iliyo karibu zaidi na mashine. Unaipitisha kwenye programu inayoigeuza kuwa lugha ya mashine yenyewe, ambayo mtu haisomi. Kisha unaifunga pamoja na amri za R katika kifurushi kimoja. Mtumiaji anaita amri ya R kama kawaida, na ndani, bila yeye kuona, C inabeba mzigo.

Mtakwimu alitengeneza kifurushi cha namna hiyo kwa ajili ya kituo. Siku ya kwanza tulipokiwasha, hesabu ya asubuhi nzima ilikwisha kabla sijamaliza kuvua koti. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Yeye aliketi akatabasamu, akaifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Sasa, ada ya watu hawa ni kwamba kifurushi hutolewa pamoja na chanzo chake, yaani yale maandishi ya C kabla hayajageuzwa, ili anayetaka asome, na anayeona kosa aseme. Yeye alitupa kile kilichogeuzwa tu. Nilimwomba chanzo.

"Cha nini, Maalim? Si kinafanya kazi?"

"Kinafanya. Lakini wewe ukisafiri, nani ataelewa kinafanya nini?"

"Nitarudi." Akacheka. "Nikiacha wazi, kesho kijana mmoja atabadilisha mstari, atakwenda nacho Dodoma, atasema ni chake."

Nilimweleza kwa mfano wa ufuta, kwa kuwa sote tuliishi kwa ufuta. Ufuta uliokaangwa ni mtamu, unaliwa pale pale, hauhitaji kusubiri mvua. Lakini huwezi kuupanda. Ukitugawia uliokaangwa peke yake, na ghala la mbegu unalo wewe, basi sisi tunakula kwa ruhusa yako. Alisema nimeeleza vizuri sana. Chanzo hakunipa. Alikiweka kwenye laptopu yake moja, ile iliyonukia spiriti.

Kuna kisa kingine nalazimika kukisimulia hapa, ingawa hakihusu kompyuta, kwa sababu bila hicho hutaelewa kwa nini karaha yangu kwake ni kubwa kuliko kwa mwizi wa kawaida. Ulikuwa msimu wa mnada wa ufuta, magunia yamepangwa mbele ya ghala pale Nachingwea. Mpimaji wa ubora alikuwa anapita na bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha unaochomwa kwenye gunia kutoa punje za kutazama. Anachoma, anatazama, kisha badala ya kurudisha punje anazimimina kwenye mfuko wake mwenyewe. Gunia baada ya gunia. Wakulima wameketi kivulini, wanaona, wananyamaza, maana huyo ndiye atakayesema ufuta wao ni daraja gani.

Mtakwimu alikuwa amekuja kununua betri tu. Akasimama. Akamwendea yule mtu, akamuuliza kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia, "Ndugu, umekuja kupima au umekuja kupunguza?"

Mpimaji akasema ni sampuli.

"Sampuli inatazamwa inarudi. Wewe unavuna."

Mfuko ulimwagwa kwenye turubai, watu wakapiga makofi, akina mama wakamwita baba. Mimi nilisimama nyuma yake nikijiona nimebarikiwa kukaa chumba kimoja na mtu wa haki. Kwa hiyo yeye hakuwa mjinga wa jambo hili. Alilijua. Aliwahi kulisimamia hadharani.

Sasa Bi Somoe. Ufuta wake haukuwa wa dukani. Ni ule aliopewa na mama yake, punje ndogo zenye rangi ya majani ya chai yaliyochemka, na vitumba vyake vinachelewa kupasuka, kwa hiyo haumwagiki chini ovyo wakati wa kuvuna. Aliuita "wa kwetu" tu. Kikundi chake cha wakulima wa Nachingwea na Ruangwa kilikuwa kinaomba kuzalisha mbegu na kuziuza kwa wenzao, na palihitajika kuamua ni mbegu gani. Kituo kiliupanda ufuta wa Bi Somoe sambamba na mbegu nyingine za dukani, katika ploti nyingi, baadhi Mkotokuyana, kwenye kipande chake cha shamba la kikundi. Ukishinda, kikundi kitauzalisha. Ukishindwa, wanachama wote watapanda mbegu ya dukani kwenye shamba la kikundi, na Bi Somoe hakuwa na shamba jingine la maana zaidi ya hilo. Mambo yalikuwa mepesi kueleweka hivyo. Mbegu ya mama yake ingeendelea au ingekoma.

Siku ya kupima mavuno Mkotokuyana ilinyesha mvua isiyo ya wakati wake, miganda ya ufuta wake, unaochelewa kukauka, ikapimwa ikiwa na unyevu mwingi kuliko ya mbegu nyingine. Hilo si tatizo. Unapima unyevu, kisha kwa hesabu unaupunguza kwenye uzito, ili ufuta wote ulinganishwe kana kwamba umekauka sawasawa. Mtakwimu alikuwa ameiweka hesabu hiyo ndani ya ile C, mwanzoni kabisa, kabla ya kuchanganya ploti.

Asubuhi nilipomaliza kuingiza namba zote, aliita amri. Ufuta wa Bi Somoe ukatokea juu ya wote. Nilitoka nje nikampigia simu. "Bi Somoe, wa kwenu uko juu." Akasema, "Maalim, usinichezee." Nikasema sichezi. Nikamsikia anamwita jirani.

Niliporudi baada ya chai, Mtakwimu alikuwa amekwisha kuita amri tena ili atoe mchoro wa rangi kwa ajili ya ripoti, ameiandika na kuituma wilayani. Nikautazama mchoro. Ufuta wa Bi Somoe ulikuwa chini ya wote.

"Mtakwimu, mbona asubuhi ulikuwa juu?"

"Asubuhi ipi?"

"Hii ya leo. Kabla ya chai."

Akaiita amri mbele yangu. Namba zikashuka tena, zote, na za Bi Somoe zaidi. Niliona kidole chake kinasimama juu ya kitufe.

"Aa," akasema polepole. "Sikunakili."

Nieleze, kwa maana hapa ndipo penyewe. Ndani ya R, ukiandika amri inayobadilisha jedwali, R yenyewe inakupa nakala uichezee, na jedwali la mwenyewe linabaki salama. Lakini R inapokabidhi jedwali kwa C kwa njia aliyoitumia yeye, haikabidhi nakala. Inakabidhi lenyewe, mkononi. C haina adabu ya kuzaliwa. Adabu ni ya mwandishi. Ada ni kwamba unanakili kwanza, kisha unafanya kazi kwenye nakala. Kunakili kunachelewesha kidogo, kidogo sana. Yeye aliondoa kunakili ili kifurushi kiwe na kasi zaidi. Kwa hiyo kila amri ilipoitwa, unyevu ulipunguzwa kwenye uzito ambao ulikuwa umekwisha kupunguzwa. Kila ulipouliza, ufuta ulikauka tena. Na uliokuwa na unyevu mwingi ndio ulioumia zaidi.

Mtu aliyesoma dini ana neno la kitu unachokabidhiwa ukitazame na kukirudisha kama kilivyo. Ni amana. Na kukigusa bila ruhusa kuna jina pia, khiyana. Lakini siku ile sikumchukia. Kusahau ni kwa wanadamu wote. Nilisema tu, "Basi ripoti irekebishwe."

"Nitarekebisha amri leo leo."

"Na ripoti?"

"Ripoti imeshakwenda wilayani, Maalim."

"Iende nyingine."

Alivuta droo, akatoa spiriti, akaanza kupangusa vitufe. "Ukituma ya pili kusema ya kwanza ilikosea, wataanza kuuliza za miaka ya nyuma. Kituo kizima kitachafuka. Fikiri kituo."

"Mimi namfikiri Bi Somoe."

"Ni ufuta tu. Tutampa mbegu nzuri."

Hapo ndipo nilipoanza kumwonea kinyaa. Kitambaa kile cheupe kikitembea juu ya vitufe, huku ndani ya mashine uchafu umeachwa kwa makusudi.

Kabla jua halijazama alikuwa ametengeneza kifurushi kipya, kinachonakili. Alikigawa kituoni bila neno. Hakuna mwingine aliyejua kwamba cha zamani kilikuwa na kasoro, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukisoma. Niliandika hesabu yangu kwa R ya kawaida, ile ya polepole, nikaipeleka kwa mkuu wa kituo. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, akaniambia kwamba mtaalamu wa takwimu kituoni ni mmoja.

Nikamweleza Bi Somoe ukweli wote. "Ukiulizwa mara moja, ufuta wako uko juu. Ukiulizwa mara ya pili, unapungua."

"Unapungua wapi? Upo kwenye debe jikoni."

"Kwenye mashine."

"Basi mashine ina panya," akasema.

Mkutano wa kusoma matokeo ulifanyika Ruangwa, kwenye ukumbi uliojaa wakulima wa wilaya zote mbili. Afisa ugani, kijana mchangamfu, aliwasha projekta. "Wazee wangu, hii kitu ina spidi balaa. Hesabu ya wiki nzima inatoka hapa hapa mnaona." Mchoro ukatokea ukutani, ufuta wa Bi Somoe chini. Bi Somoe mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, amevaa kanga yake nzuri, kwa sababu alikuwa ameamini kwamba mimi na Mtakwimu tungekuwa tumekwisha kulimaliza.

Nilisimama. Nikasema hesabu hii ina kosa, na mwenye kuijua yuko hapa. Nikamwomba Mtakwimu aite amri mara mbili mbele ya watu.

Alinyanyuka taratibu. "Maalim ni mzee wetu, tunamheshimu," akasema. "Ni mtu wa vitabu vya dini. Lakini tumridhishe."

Akaita amri mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Namba hazikusogea. Ufuta wa Bi Somoe ulikuwa chini mara zote mbili. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kama wanavyomcheka mzee aliyeuliza swali la ajabu.

Alichokifanya ni hiki, na ndicho ninachosema kinanitapisha. Amri ilikuwa mpya, ile iliyonyooka, isiyobadilisha kitu. Lakini jedwali alilolipa lilikuwa lile lile lililokwisha kukaushwa siku ya ripoti, ambalo alikuwa amelihifadhi. Alichukua chombo safi, akapakulia humo chakula kilichooza, akawauliza watu kama chombo kina uchafu. Nilisema, "Jedwali hilo limekwisha kupungua. Mimi ninalo la asili." Mwenyekiti wa mkutano akasema muda umekwisha, na wali ulikuwa unapoa.

Mtakwimu alipita mbele yangu akielekea kwenye maji ya kunawa. Nikamuuliza, si kwa sauti, "Ulikuja kupima au ulikuja kupunguza?"

Alinisikia. Aliendelea kunawa, mpaka waliosubiri nyuma yake wakaanza kunung'unika.

Kikundi kikaamua mbegu ya dukani. Niliapa sitakula tena na Mtakwimu, na nilihama chumba. Nikaomba meza kwenye stoo, kati ya mifuko ya mbolea. Bi Somoe alilining'iniza debe lake la mbegu juu ya jiko, moshi uwafukuze wadudu, akasubiri. Nilimwomba asubiri. Nilikuwa naandika barua huku na huku, nikitaraji masahihisho yatoke kabla ya mvua. Mvua zikaja. Kila nilipokwenda Mkotokuyana aliniuliza, "Mwenye kijiko amesema?" Nikajibu bado. Msimu ukapita, ukaja mwingine. Ufuta ni mbegu ya mafuta, haustahimili kukaa. Siku moja alitandika kitambaa kibichi, akamwagia kiganja kimoja cha punje, akanifunulia nione baada ya siku kadhaa. Karibu zote zilikuwa zimelala vilevile, zimevimba tu, zinanuka.

Zilizobaki alizikaanga kwa harusi ya mjukuu wake. Nilikuwepo. Ufuta ulinukia vizuri, watu wakausifu. Nilipewa kwenye kisahani na nilishindwa kuumeza.

Baada ya hapo Mtakwimu aliondoka kituoni, akawa anafanya kazi za kukodishwa, mara kwa wenye migodi midogo, mara kwa miradi ya korosho. Nilimsikia kwa mbali. Sikumtafuta. Nilimwombea, kwa kuwa nimeamrishwa, lakini nikiri kwamba dua ile ilikuwa fupi.

Mwaka huu nilikwenda Ruangwa kumzika shemeji. Tulipomaliza mazishi mji ulikuwa umejaa jezi, siku ya mechi, bodaboda zinapiga honi kwa furaha tu. Nikaingia kibanda cha chai kukimbia kelele. Alikuwa ameketi pembeni na laptopu, anafuta meza kwa leso. Leso haikuwa nyeupe tena, na mwenyewe amekonda.

"Maalim."

"Mtakwimu."

Aliondoa mkoba wake kwenye kiti. Nilikaa, kwa kuwa miguu iliuma.

Hakuzunguka sana. R imetoka toleo jipya, na kile kifurushi chake kilichogeuzwa kwa ajili ya toleo la zamani kimekataliwa. Anatakiwa akigeuze upya kutoka kwenye chanzo. Kuna watu wamempa kazi wakitegemea kifurushi hicho, na wanasubiri.

"Kigeuze," nikasema.

"Ile laptopu ilikufa, Maalim. Chanzo kilikuwa humo." Akaikunja leso. "Nimejaribu kukiandika tena. Kuna mahali sikumbuki nilifanyaje. Nilifikiri... wewe ni mtu wa kutunza vitu. Hukuwahi kunakili?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Ulitunyima," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba leo kuna joto. Mama wa kibanda akaleta kashata za ufuta kwenye kisahani. Mtakwimu akaishika moja kwa karatasi, akamega kipande, akatafuna. Kisha akauliza, "Huu si ule wa Bi Somoe?"

"Ule haupo."

Taya lake likasimama. Nikamweleza debe, moshi, kitambaa kibichi, harusi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Naweza kumwandikia," akasema. "Tunaweza kusema ilitokana na tofauti ya matoleo ya programu."

Hata sasa, akiwa hana kitu cha kulinda, bado alikuwa anatafuta leso. Nikatoa simu yangu, nikampigia Bi Somoe, nikaiweka mezani ikiwa na sauti ya nje.

"Mwambie mwenyewe. Na hilo la matoleo liache."

"Maalim, mmezika salama?" Bi Somoe akauliza.

"Tumezika. Kuna mtu anataka kusema nawe. Mtani wako wa kijiko."

Upande wa pili nilisikia kuku. Mtakwimu aliinama karibu na simu bila kuigusa.

"Bi Somoe," akasema. "Ufuta wako ulikuwa wa kwanza. Kosa lilikuwa langu. Nililijua siku ile ile, na pale ukumbini nililijua."

"Sema tena."

Alifumba macho. "Ufuta wako ulikuwa wa kwanza. Kosa lilikuwa langu, na nililijua."

"Ehee," akasema Bi Somoe. "Leo mara ya pili haijapungua."

Nilidhani atacheka, kwa kuwa ndivyo alivyo. Hakucheka. Uwanjani kulitokea goli, mji mzima ukanguruma, na tulisubiri mpaka kelele zikapungua ili tumsikie. Alikuwa bado yuko hewani.

"Sasa nipande nini, mtani?"

Mtakwimu alitazama kashata, akanitazama mimi. Sikumsaidia. Baadaye simu ikakatika upande wa pili.

Akaichukua mezani ili anirudishie. Kabla ya kunipa aliipangusa, mbele na nyuma, vizuri, kwa ile leso. Sidhani alijua anafanya hivyo. Nilimwombea dua pale pale, safari hii ndefu, kisha nikatoka bila kunywa chai yake.

Wewe unayesoma, ambaye sikujui: Mungu akurudishie kila ulichomkabidhi mtu kikiwa kama ulivyompa. Na ulichokabidhiwa wewe, akupe mikono ya kukirudisha hivyo hivyo, na ulimi wa kusema mapema pale utakapokuwa umekigusa, mvua ikiwa bado haijaja. Amin.